Maana na asili ya kitenzi 'dedicate': Je, kila aliye 'dedicated' ni wa kujitolea?

Majuzi nilipigiwa simu na mwalimu kijana niliyepata kumfundisha chuoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya binafsi nchini Tanzania, na miongoni mwa stakabadhi alizotakiwa kupeleka ilikuwamo barua ya mwajiri wake wa awali, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mwajiri huyo, mkuu wa shule moja ya humu nchini, alikuwa ameandika barua nzuri ya Kiingereza akimsifu kwamba kwa miaka mitatu alikuwa 'a dedicated teacher'. Barua ikapewa karani aitafsiri. Karani akaandika: "Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule yetu."

Alipofika mbele ya jopo la mahojiano, swali la kwanza lilikuwa hili: "Kumbe mwalimu hukuwa umeajiriwa?" Akajaribu kueleza kwamba alikuwa akilipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Wakamwonyesha barua. Nchini Tanzania 'mwalimu wa kujitolea' ni jina la kundi linalojulikana vizuri: wahitimu wa ualimu wanaofundisha bila mshahara, au kwa posho ndogo, huku wakisubiri ajira ya kudumu. Miaka mitatu ya kazi ikawa imegeuzwa miaka mitatu ya kusubiri kazi. Aliambiwa arudi na barua nyingine.

Sasa swali aliloniuliza kijana huyo ndilo lililozaa makala haya: "Mwalimu, kwani 'dedicate' si ni kujitolea?" Nilikuwa karibu kumjibu kwamba ndiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wanafunzi hivyo, na si mara moja. Lakini jibu hilo ni la haraka mno, na ili kuona kasoro yake ni lazima tuanzie mbali kidogo, kwa wenye neno.

Kitenzi 'dedicate' kimetokana na neno la Kilatini 'dedicare'. Neno hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, 'de', hapa hutia nguvu na kuonyesha kitu kuondolewa mahali kilipokuwa. Sehemu ya pili, 'dicare', maana yake ni kutangaza, nayo ni ndugu wa 'dicere', yaani kusema. Wataalamu wa lugha za Ulaya huurudisha ukoo huu wote kwenye mzizi mmoja wa kale sana uliokuwa na maana ya kuonyesha au kuelekeza. Kutoka hapo Waingereza wamepata maneno mengi ambayo msomaji anayajua bila kujua kwamba yanahusiana: 'dictionary', kitabu cha maneno, 'dictator', yule ambaye neno lake halijibiwi, 'predict', kusema jambo kabla halijatokea. Kwa hiyo katika kiini cha 'dedicate' hamna jasho wala bidii. Mna maneno. Ni kitendo kinachofanywa kwa kinywa.

Warumi walilitumia neno hili hasa katika shughuli ya kukabidhi hekalu kwa mungu wao. Jengo lilipokwisha, halikuwa takatifu kwa sababu tu limekwisha. Lilikuwa mawe na mbao. Afisa mkuu wa dola alisimama mlangoni, akaushika mwimo wa mlango kwa mkono, na kuhani akamtajia maneno rasmi naye akayarudia neno kwa neno. Maneno yakiisha, jengo limebadilika mmiliki. Kuanzia dakika hiyo si la aliyelijenga, si la aliyetoa pesa na si la serikali. Mtu asingeweza tena kuliuza au kulifanya ghala.

Mwanahistoria Titus Livius anasimulia kisa kimoja kuhusu shughuli hiyo ambacho hakinitoki akilini. Ni mwaka wa 509 Kabla ya Kristo (K.K.), dola ya Warumi ndiyo kwanza imewafukuza wafalme. Hekalu kubwa la Jupiter juu ya kilima cha Capitolium limekamilika na viongozi wawili wa mwaka huo, Valerius na Horatius, wanapiga kura kuamua nani atakayelikabidhi. Kura inamwangukia Horatius. Jamaa za Valerius wanaingiwa na kijicho, maana heshima ya kazi ile ilikuwa kubwa, na wanatafuta kila njia ya kuivuruga. Njia zote zikishindikana, wanangoja hadi Horatius ameushika mwimo wa mlango na yumo katikati ya maombi. Ndipo wanampelekea habari: mwanao amefariki, na mtu ambaye ana maiti nyumbani hafai kukabidhi hekalu.

Livius anasema haijulikani kama Horatius hakuwaamini au kama alikuwa na moyo mgumu kupita kiasi. Hakuuachia mwimo. Aliagiza tu kwamba maiti izikwe, kisha akaendelea na maombi hadi neno la mwisho, na hekalu likawa limekabidhiwa.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mambo mawili. Kwanza, maneno yasipotamkwa yote, kitendo hakijatendeka. Ndiyo maana maadui walilenga kumkatiza. Pili, mtu anayesifiwa hapa kwa uthabiti siye 'dedicated' kwa maana ya Kilatini. Kilichokuwa 'dedicated' ni hekalu. Horatius ni mtendaji, si mtendwa. Mwingereza wa leo akikisoma kisa hiki atamwita Horatius 'a dedicated man', na hapo ndipo utakapoona neno limesafiri kiasi gani.

Kisa cha pili ni cha mahakama na kiwanja, kwa hiyo Wakenya tutakielewa upesi. Mwaka wa 58 K.K. mwanasiasa na mlumbi maarufu Cicero alifukuzwa Roma na hasimu wake, Clodius. Nyumba yake ikabomolewa. Clodius, ambaye hakuwa mjinga, akajua kwamba adui yake akirudi atadai kiwanja chake. Basi akajenga hapo madhabahu ya mungu wa kike aliyeitwa Libertas, yaani Uhuru, akafanya ile shughuli ya kutamka maneno mlangoni. Hila yenyewe ni kwamba kiwanja kikishakuwa cha mungu, binadamu hakidai. (Wanyakuzi wa viwanja wa siku hizi nao huharakisha kusimamisha nyumba ya ibada kwenye ardhi yenye mgogoro. Kumbe si jambo jipya.)

Cicero alirudi mwaka uliofuata na akasimama mbele ya makuhani kujitetea kwa hotuba ndefu iliyobaki hadi leo. Hoja yake kubwa haikuwa kwamba ameonewa, ingawa hilo pia alilisema. Ilikuwa hoja ya kitaratibu. Alidai kwamba Clodius hakuidhinishwa na wananchi kufanya shughuli ile, na kwamba kuhani aliyemtajia maneno alikuwa shemeji yake Clodius, kijana mgeni wa kazi ambaye maneno yenyewe yalimponyoka. Kwa ufupi: hakuna 'dedicatio' iliyofanyika, kwa hiyo kiwanja hakikuwahi kutoka mikononi mwangu. Makuhani walikubali kwamba kama idhini ya wananchi haikuwapo, kiwanja kinaweza kurudishwa bila kumkosea mungu. Kikarudishwa, na Seneti ikaamua alipwe sesta milioni mbili za kujengea nyumba upya.

Ukoo wa neno hili una ndugu wengine wawili wanaostahili kutajwa. Wa kwanza ni 'abdicate', kitenzi kinachotumika mfalme anapong'atuka. Mzizi ni ule ule wa kutangaza, ila kiambishi kimebadilika: 'ab' ni kuondoka, kujitenga. Anayefanya hivyo anatangaza kwamba kitu si chake tena. Wa pili ni 'addict'. Katika sheria ya Warumi, mdaiwa aliyeshindwa kulipa alitamkiwa na hakimu kuwa wa mdai wake, akachukuliwa kama mtumwa. Mtu huyo aliitwa 'addictus'. Ni baadaye sana ambapo neno hilo lilikuja kumhusu mtu aliyetawaliwa na pombe au dawa za kulevya, na ukilifikiria utaona halijaacha maana yake ya kwanza hata kidogo. Yupo anayemmiliki.

Kiingereza kilipolipokea neno 'dedicate' karne ya 15, kililitumia kwa makanisa, kama Kilatini. Kisha likahamia vitabuni. Mwandishi asiye na mali alikikabidhi kitabu chake kwa mkubwa fulani, kwa ukurasa wa mbele wenye maneno ya unyenyekevu, akitarajia ulinzi na pengine kitu mkononi. William Shakespeare alifanya hivyo mwaka wa 1593 na tena 1594, mara zote mbili kwa kijana mwenye cheo aliyeitwa Henry Wriothesley. Mantiki ni ya mlango wa hekalu: kitu hiki, kwa maneno haya, mbele ya wasomaji hawa, ni chako.

Lakini mtu kuwa 'dedicated'? Hatua hiyo inaonekana wazi kuliko mahali pengine popote katika hotuba moja fupi. Tarehe 19 Novemba 1863, Rais wa Marekani Abraham Lincoln alifika Gettysburg, Pennsylvania, kwenye hafla ya kuweka wakfu makaburi ya wanajeshi waliouawa huko miezi minne kabla. Hotuba yake haitimizi hata maneno 300, na ndani yake ametumia kitenzi 'dedicate' kwa sura zake mbalimbali mara sita. Kuhusu makaburi yenyewe anaanza na maana ya zamani: tumekuja kuikabidhi ardhi hii. Kisha anageuka na kukiri kwamba hilo hawaliwezi, kwa sababu waliopigana hapo wamekwisha kulifanya kwa damu yao. Halafu anahitimisha kwamba wanaopaswa kukabidhiwa ni walio hai, wakabidhiwe kwa kazi ambayo wafu hawakuimaliza. Neno limetoka kwenye udongo likaingia kwenye watu, mbele ya umati uliokuwa umesimama. Sisemi kwamba Lincoln ndiye aliyeanzisha maana hiyo. Ninasema kwamba humo unaweza kulishuhudia neno likivuka.

Siku hizi Kiingereza kinalitumia neno hili hata kwa mashine. Laini ya simu iliyotengwa kwa mteja mmoja ni 'dedicated'. Njia ya mabasi pekee, kama ile ya mwendokasi jijini Dar es Salaam, ni 'dedicated'. Wengine huona haya ni matumizi ya kisasa yaliyolishusha hadhi neno la kidini. Mimi naona kinyume chake. Njia ambayo matatu haruhusiwi kuiingiza gurudumu imekaribia zaidi maana ya Kirumi kuliko mfanyakazi anayesifiwa kwa bidii. Imetengwa, imetangazwa na ina mwenyewe.

Tukisharudi nyumbani, tunagundua kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya dhana hii kitambo, na yana historia isiyopungua utamu.

La kwanza ni 'wakfu'. Asili yake ni Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kusimama au kusimamisha. Mali iliyowekwa wakfu imesimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, manufaa yake ndiyo yanayotoka kwenda kwa msikiti, madrasa au maskini waliotajwa na mweka wakfu. Pwani yetu ina mashamba, visima na nyumba za kupangisha za aina hiyo, na ipo tume ya kisheria inayozisimamia. Cha kufurahisha ni kwamba mzizi huo huo ndio uliotupa kitenzi 'akifisha' na nomino 'uakifishaji', yaani kutia alama za vituo katika maandishi. Nukta humsimamisha msomaji. Wakfu huisimamisha mali. Mwanafunzi anayechukia somo la uakifishaji akumbuke kwamba anasoma somo lenye nasaba tukufu.

Wakristo nao walilichukua neno hilo bila kusita. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka wa 1952 vyombo vya hekalu huwekwa wakfu, makuhani huwekwa wakfu, na hata mji wa Yeriko, uliotakiwa kuangamizwa wote na vilivyomo, unaelezwa kwa neno hilo. Mfano wa Yeriko unashtua, lakini ndio unaoonyesha kwamba kiini cha wakfu si wema bali ni umiliki. Kilicho wakfu kimetoka mikononi mwa watu, iwe ni kwa kuhifadhiwa au kwa kuteketezwa.

La pili ni 'tabaruku'. Hili limetokana na ukoo wa 'baraka', na umbo lake la Kiarabu lina maana ya kujitafutia baraka kupitia kitu fulani. Watafsiri wa Biblia walilitumia kuipa jina sikukuu ya Kiyahudi inayotajwa katika Injili ya Yohana sura ya 10, Sikukuu ya Kutabaruku, ambayo huadhimisha kuwekwa wakfu upya kwa hekalu la Yerusalemu mwaka wa 164 K.K. Wayahudi huiita Hanuka. Katika vyuo vyetu neno hili limepata makao mengine kabisa. Fungua tasnifu yoyote ya Kiswahili iliyoandikwa katika chuo kikuu cha Kenya na utaukuta ukurasa wenye kichwa 'Tabaruku', ambapo mtahiniwa anaikabidhi kazi yake kwa wazazi, mume, mke au watoto. Wapo wanaoandika 'Kutabaruku' na wapo wanaotumia 'Wakfu'. Nikiombwa kuchagua nitachagua 'tabaruku' kwa kitabu na 'wakfu' kwa jengo au mali. Kitabu ulichokitabaruku kwa mama yako bado kinauzwa dukani, nawe bado unadai mrabaha. Wakfu haungekuruhusu.

Redioni mambo ni tofauti. Zamani za kadi za salamu, msikilizaji alimchagulia mwenzake wimbo au alimtumia. Kijana wa leo anapiga simu studioni na kusema 'nadediketi wimbo huu kwa mpenzi wangu'. Walimu wenzangu hukasirika wakilisikia. Mimi sikasiriki sana, ila najiuliza 'kumtumia mtu wimbo' kulikuwa na upungufu gani.

Sasa tuje kwa mshtakiwa mwenyewe, 'kujitolea'.

Kitenzi cha msingi ni 'toa'. Kinaponyambuliwa katika kauli ya kutendea, konsonanti 'l' iliyopotea zamani hurudi, tukapata 'tolea', kama tunavyopata 'nunulia' kutokana na 'nunua'. Tukitia kirejeshi 'ji' tunapata 'jitolea'. Kauli ya kutendea katika Kiswahili ni kauli yenye njaa: hutaka kujua ni kwa ajili ya nani au ya nini. Ndiyo maana 'amejitolea' peke yake huwa na pengo, na pengo hilo wasemaji wamelijaza kwa maana ya kufanya kazi kwa hiari, bila malipo. Maana hiyo imekita mizizi kiasi kwamba umbo 'wa kujitolea' halina tena maana nyingine katika lugha ya kazi na ajira. Daktari wa kujitolea halipwi. Mwalimu wa kujitolea halipwi. Humu nchini wahudumu wa afya wa mashinani waliitwa kwa miaka mingi wahudumu wa kujitolea, na serikali ilipotaka kuanza kuwapa posho ya kila mwezi mwaka wa 2023, jina lao la Kiingereza lilibadilishwa vilevile, likaondolewa neno lenye maana ya kujitolea. Waliofanya hivyo walijua kwamba jina linaweza kumzuilia mtu mshahara.

Kiingereza kina neno lake kwa dhana hiyo, nalo ni 'volunteer', ambalo mzizi wake wa Kilatini ni hiari. Kati ya 'volunteer' na 'dedicate' hakuna undugu wowote. Mmoja anaulizwa kama amekuja kwa kupenda kwake. Mwingine anaulizwa yeye ni wa nani au ni wa kazi gani. Unaweza kuwa mfanyakazi wa hiari mvivu kupindukia. Unaweza pia kulipwa vizuri sana na ukawa umeikabidhi kazi hiyo maisha yako yote. Kiswahili kimezitia dhana hizi mbili katika chungu kimoja, na karani wetu alichota bila kuangalia ametoka na nini.

Hata hivyo sitaki kumpiga karani marungu kupita kiasi, kwa sababu 'jitolea' kikipewa shamirisho yake kinaifanya kazi ya 'dedicate' vizuri sana. Linganisha: 'Alijitolea katika shule hiyo kwa miaka mitatu' na 'Aliyatolea maisha yake elimu ya watoto wasiosikia', au hata 'Alijitolea kwa hali na mali kuwasomesha'. Katika sentensi ya kwanza tunajua hakulipwa. Katika zile nyingine suala la malipo halipo kabisa. Tunajua tu ametoa nini na kwa nani. Tofauti si ya neno bali ni ya kile kinacholifuata. Ukimaliza sentensi mapema, umebadilisha maana.

Na ukiliondoa lile 'l' la kauli ya kutendea, mambo yanaharibika zaidi. 'Jitoa' katika Kiswahili cha leo ni kuondoka. Mgombea aliyejitoa ni yule aliyeacha kinyang'anyiro. Timu iliyojitoa haikufika uwanjani. Kwa hiyo 'amejitolea kwa chama' na 'amejitoa chamani' ni habari mbili zinazopigana, ingawa shina ni moja. Msomaji anakumbuka 'dedicate' na 'abdicate'? Kilatini kilitofautisha kukabidhi na kung'atuka kwa kiambishi cha mwanzo. Kiswahili kinatofautisha kwa mnyambuliko wa mwishoni. Lugha mbili ambazo hazina ukoo wowote zimeona kwamba kujikabidhi na kujiondoa ni kitendo kimoja kinachotazamwa kutoka milango miwili.

Lipo pia 'kujitoa mhanga', ambalo baadhi ya walimu hulipendekeza kwa mtu aliyejikabidhi kwa jambo bila kujibakizia. Kwa kiasi fulani linalingana zaidi na kitenzi kingine cha Kiingereza, 'devote', kilichotokana na neno la Kilatini la kuweka nadhiri. Warumi walikuwa na mila ya kutisha ya jina hilo: jemadari ambaye vita vimemwelemea aliweza kujinadhiri kwa miungu ya kuzimu pamoja na jeshi la adui, kisha akajitosa katikati ya adui auawe. Livius anasema Publius Decius Mus alifanya hivyo mwaka wa 340 K.K., akiwa amefunika kichwa na kusimama juu ya mkuki huku akirudia maneno ya kuhani. Huo kweli ulikuwa mhanga. Tatizo ni kwamba siku hizi msomaji wa gazeti akiona 'kujitoa mhanga' hufikiria mtu aliyejifunga mabomu. Usilitumie kwenye barua ya mapendekezo.

Basi nilimwambia nini yule kijana? Nilimwambia kwamba mkuu wake wa shule alipomwita 'dedicated' hakuwa akisema habari za malipo. Wala hakuwa akitamka maneno ya hekaluni. Alimaanisha mtu anayeifanya kazi kana kwamba ni yake na asiyehitaji kusukumwa. Kwa maana hiyo Kiswahili kina kitenzi chepesi ambacho kila mtu anakijua kuanzia gereji hadi ofisini: 'jituma'. Mfanyakazi anayejituma amejifanya bwana na mtumwa wa nafsi yake kwa wakati mmoja. Anayemtuma ni yeye, anayekwenda ni yeye. Ukitaka rangi zaidi kuna 'kujifunga kibwebwe', ila hilo ni la shughuli inayoonekana mwisho wake, kama kampeni au mtihani, si la miaka mitatu. Ukitaka kutaja usafi wa nia kuna 'ikhlasi', neno ambalo naona linapotea bure katika maandishi ya Kenya. Na pale ambapo Kiingereza kinasema mtu ali-'dedicate' saa zake au pesa zake, mara nyingi 'tenga' au 'tengea' hutosha: 'aliwatengea wanafunzi wazito saa mbili kila jioni'.

Tukaiandika barua upya tukiwa kwenye simu. Mkuu wa shule aliipitia, akaongeza tarehe ya kuajiriwa na cheo, akatia sahihi na mhuri. Sehemu iliyoleta balaa sasa inasomeka hivi: "Katika miaka mitatu aliyoajiriwa katika shule yetu alikuwa mwalimu anayejituma, na kila jioni aliwatengea muda wanafunzi waliohitaji msaada zaidi." Kijana aliuliza kama tungeweza kubakiza neno 'kujitolea' mahali fulani, maana lina uzito. Nilimkatalia. Barua ilitumwa Jumatatu, na hadi ninapoandika makala haya jopo halijajibu.